Mama Asiyecheka

Video yenyewe haikufika hata dakika mbili. Ilimwonyesha mwanamke mnene wa makamo akicheza kwenye harusi ya mdogo wake, viatu mkononi, jasho linamtiririka, mdomo wazi hadi magego yanaonekana, na binti mrefu akimzunguka huku akimpepea kwa kitambaa. Mwishoni binti anamwegemea begani na kupiga kelele kwenye simu, "Mama yangu huyo! Mama yangu kipenzi! Nani anamuweza?" Basi. Hakuna tusi, hakuna ugomvi, hakuna aliyelewa. Lakini kabla wiki haijaisha, video hiyo ilikuwa imemkosesha usingizi mchonga sanamu mmoja, wakala wake na bodi nzima ya hospitali ya watoto.

Mwanamke huyo alikuwa Mama Kidoti, mke wa mchongaji, na kosa lake ni kwamba hakutakiwa kucheka. Hakutakiwa kwa maandishi kabisa. Katika kila kijitabu cha maonyesho ya mumewe, chini ya picha ya sanamu ya mgongo uliopinda, kuna sentensi hii: "Tangu alipomzika mtoto wake wa pekee, mama huyu hajacheka tena." Watu waliisoma sentensi hiyo katika kumbi zenye sakafu za kung'aa, wakatikisa vichwa, wakanunua.

Kidoti alikufa kwa homa kabla hajaanza shule. Miezi michache baadaye baba yake, ambaye siku zile alikuwa akitengeneza simba wa saruji wa kuwekwa kwenye mageti ya wenye uwezo, alimwona mkewe ameketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametoka kuoga, shuka lililolowa limemganda mgongoni. Alikuwa hafanyi kitu. Hata kulia alikuwa halii. Mume akachukua udongo akaufinyanga mgongo ule, kila mfupa na kila mkunjo wa shuka, na mgongo huo ndio uliomtoa kwenye simba. Ukafuatwa na Mama na Kiatu Kimoja, Mama Mlangoni, Mama na Kitanda Kitupu. Yote migongo, uso hata mmoja hamna. Wataalamu wakaandika kwamba msanii huyu anatunyima uso kwa sababu huzuni haina uso. Mama Kidoti naye alisoma. Alichojua yeye ni kwamba mumewe hawezi pua. Simba wake wote walikuwa na pua kama kisigino cha buti.

Sentensi ile aliiandika Wakala, na wakati anaiandika ilikuwa kweli. Kisha akazaliwa Chiriku, na hakuna aliyeifuta. Mara ya kwanza Wakala alisema kijitabu kimeshakwenda kiwandani. Mara ya pili alisema wanunuzi wameshaizoea. Mara ya tatu hakuna aliyeuliza. Tangu hapo, wageni wa sanaa wakija kutembelea banda la mchongaji, Chiriku hupelekwa nyumba ya tatu, kwa fundi cherehani, akaokote vipande vya vitambaa mpaka gari la wageni liondoke.

Sasa Chiriku alikuwa ametokea kwenye simu za watu, urefu wake wote, akimwita mama yake mama.

*

Wakala alikuja asubuhi mapema. Ni mtu wa viatu safi siku zote, utadhani matope yanamwogopa.

"Shemeji, harusi ilifana, eh?"

"Ilifana, namshukuru Mungu."

"Naona. Na dunia nzima imeona." Akamwekea simu mezani. Mama Kidoti alijitazama akicheza, na kabla hajajizuia tabasamu likamtoka. Wakala akaliona lile tabasamu, akaigeuza simu kifudifudi.

"Mwenyekiti wa bodi katumiwa na dereva wake," aliendelea, safari hii akimwelekea mume. "Kanipigia jana. Kaniuliza mambo mawili tu. Huyu si ndiye yule asiyecheka? Na huyo binti anayemwita mama ni nani?"

"Ukamwambiaje?" mchongaji aliuliza.

"Nikamwambia mtandao unakatika."

Wote watatu walikuwa wakifikiria kitu kimoja: Mama wa Bustani, sanamu kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, iliyokuwa imekaa bandani ikiwa bado udongo, imefunikwa magunia mabichi isikauke. Ilikuwa ya bustani ya hospitali mpya ya watoto. Ikikamilika ingemiminwa shaba, iwekwe mahali ambapo wazazi wangekaa wakisubiri majibu ya daktari. Mchongaji hakuwahi kupewa kazi ya kukaa mahali pa watu wote. Kazi zake nyingine zilikuwa sebuleni kwa watu asiowajua.

"Wanakuja Alhamisi na kamera," Wakala alisema. "Wanataka kumsikia shemeji kwa mdomo wake. Kucheza si tatizo, tutasema daktari alikushauri utoke nje kidogo, uchangamke. Tatizo ni binti. Tuseme ni mtoto wa kaka yako."

"Sina kaka."

"Shemeji, kwani nani atakuja kuhesabu ndugu zako?"

Mama Kidoti alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akibandua udongo uliokauka kwenye kucha zake, ukucha baada ya ukucha, kwa uangalifu mkubwa, na hakuinua uso.

*

Wakala alipoondoka mume alichukua kopo la maji akaingia bandani, na Mama Kidoti akamfuata, kwa sababu ndivyo asubuhi zao zilivyokwenda. Akavua blauzi, akajifunga shuka jeupe, akaketi juu ya ndoo. Shuka kavu halifai, halishiki mwili na mikunjo yake haina ukweli. Kwa hiyo kila baada ya muda mume hummwagia maji mabegani, na maji ya asubuhi hayana adabu. Daktari alikuwa amemwonya kuhusu magoti yake na baridi. Hakumwambia daktari anafanya kazi gani.

Mama wa udongo alikuwa bado mwembamba kama mwaka ule wa msiba. Mama Kidoti alikuwa amenenepa mara mbili yake, na mume akawa kila siku anampunguza kwa macho.

"Baba Kidoti."

"Mh."

"Nimenenepa."

"Najua."

"Mtu aliyenenepa hivi atakuwa kweli hajacheka miaka yote hiyo?"

"Usinichekeshe, mkono utatetereka."

Alisubiri hadi aliposikia kisu cha udongo kimeanza tena kukwangua. "Kwa nini tusiwaambie tu? Kidoti alikufa, nikaomboleza. Nikazaa mwingine, nikacheka. Si ndivyo watu wote wanavyofanya?"

"Ukisema hivyo wataona migongo yote ile ilikuwa ya uongo."

"Haikuwa ya uongo."

"Mimi najua haikuwa. Nilikuwepo." Akatua kisu. "Lakini wao hawakununua mgongo, Mama Kidoti. Walinunua ile sentensi."

Pembeni mwa banda kulikuwa na sanamu moja isiyo ya mgongo. Ilikuwa Chiriku alipokuwa na miaka saba, anaruka kamba, mikono juu, uso wote umejaa kicheko. Mchongaji aliifanya kwa moyo wake wote. Hata pua aliipata, baada ya kuibomoa sijui mara ngapi. Wakala aliizunguka akauliza, "Sasa mama yuko wapi?" Kwenye maonyesho watu waliipita kama wanavyopita mlango wa choo cha kiume. Siku hizi mikono yake iliyoinuliwa ilitumika kutundikia magunia.

"Unadhani sijachoka?" mume alisema ghafla. "Naota migongo. Nikikutana na mtu njiani namzunguka kwanza nimwone nyuma. Juzi nimemsalimia mzee mmoja kisogoni, akadhani nimerukwa na akili."

Mama Kidoti akacheka. Mume naye akacheka. Kisha wakanyamaza wote wawili kwa pamoja, kama watu waliosikia mlango unafunguliwa.

"Mikono yangu imezoea njia moja," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiitoa hapo inarudi kwa simba."

Akammwagia maji mengine. Mama Kidoti alisisimka mwili. Alimwonea huruma mumewe, na huruma hiyo ilimfunga kuliko sentensi yoyote ya kijitabu. Laiti angekuwa mtu mbaya, angeshainuka kwenye ile ndoo zamani.

*

Chiriku alirudi kutoka shule jioni akiwa ameanza kuongea kabla hajavuka kizingiti. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake.

"Mama, umekuwa maarufu! Mwalimu wa hesabu kaniuliza eti mama yako anafundisha dansi? Nikamwambia anafundisha, lakini ada yake wewe huiwezi. Darasa zima lilianguka! Halafu yule..." Akauona uso wa mama yake. "Kuna nini?"

Mama Kidoti alimwambia, kwa sababu hakuwa na njia ya kuzunguka. Alipofika kwenye mtoto wa kaka, Chiriku aliweka mfuko wa madaftari chini.

"Kaka yako yupi?"

"Hayupo."

"Kwa hiyo mimi ni mtoto wa mtu ambaye hayupo."

"Ni maneno tu, ya siku moja."

"Siku moja?" Chiriku hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha mama yake zaidi. "Mama, unajua nilipokuwa mdogo nilidhani watoto wote wanafanya hivyo? Nilidhani mgeni akija, mtoto anaondoka. Nikamuuliza rafiki yangu, kwenu wageni wakija wewe unakwenda kwa nani? Akanicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku niliyojua." Alitazama ukutani, ilipokuwa picha ya dada yake asiyewahi kumwona, kidoti chake cheusi juu ya mdomo. "Yeye amekufa, yumo kwenye vitabu. Mimi niko hai, niko kwa fundi cherehani."

Mama Kidoti aliona aibu. Akamshika mkono binti yake.

"Sitasema hivyo."

"Utasema nini?"

"Nitasema wewe ni wangu. Nimekuzaa mwenyewe, na uchungu wako ulikuwa wa siku nzima."

"Mbele ya kamera?"

"Mbele ya kamera, mbele ya bodi, mbele ya Wakala na viatu vyake."

Chiriku alimchunguza usoni kwa muda. Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama anayepokea zawadi lakini anataka kwanza kuifungua.

"Basi Alhamisi siendi kwa fundi. Nitakaa jikoni, nikusikie."

*

Alhamisi walikuja watu wanne: Wakala, mpiga picha, msichana wa kushika taa, na mwenyekiti wa bodi. Mama Kidoti alikuwa amejiandaa kwa mtu mkali. Usiku aliyapanga maneno yake kwa ajili ya mtu mkali. Mwenyekiti alikuwa mama mpole, mwembamba, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Mpiga picha ndiye aliyekuwa na amri. "Mama, tungeomba uvue hereni. Zinang'aa mno. Na hapa, samahani, unaweza kuingiza tumbo ndani kidogo?" Msichana wa taa aliinama akamfuta mafuta ya midomo kwa karatasi, kama mtu anavyomfuta mtoto makamasi. Mume alilowesha shuka. Safari hii alimwaga maji taratibu sana, kama anayeomba radhi, na kwa kuwa aliyamwaga taratibu yakakawia kushuka na baridi yake ikawa ndefu zaidi. Mbele yao Mama wa Bustani alikuwa amefunuliwa magunia, mkubwa, mwembamba, ameinama.

Mlango wa jikoni, ulioungana na banda, ulikuwa umerudishwa nusu. Nyuma yake kulisikika vikombe.

Mwenyekiti alivuta kigoda akaketi karibu kabisa na ile ndoo, magoti yao yakigusana.

"Mama, nisamehe kwa usumbufu huu," alisema. "Si bodi iliyotaka kuja. Ni mimi. Nami nilimzika wangu. Alikuwa mvulana." Aliitazama sanamu, na mpiga picha, bila kuambiwa, akaishusha kamera. "Nyumbani waliniambia nimezidisha. Mume wangu alisema imetosha. Dada zangu waliniambia mwaka umepita, cheka basi. Mimi siwezi kucheka, mama. Kitu kimekatika. Nikadhani nina kichaa. Halafu siku moja nikaingia kwenye maonyesho nikauona mgongo wako, nikasoma yale maneno, nikasema, kumbe siko peke yangu. Kumbe kuna mwingine."

Mama Kidoti alilivuta shuka lifunike tumbo.

"Nilipoiona ile video nililia kuliko siku ya mazishi," mwenyekiti aliendelea. "Si kwa hasira. Niliona nimebaki peke yangu tena." Akamshika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya baridi, myepesi. "Basi niambie tu. Yule binti ni nani?"

Kamera iliinuliwa. Nyuma ya mlango, vikombe vilinyamaza.

Maneno aliyoyapanga Mama Kidoti usiku yalikuwepo yote. Lakini yalikuwa maneno ya kumpiga nayo mtu mkali, na mbele yake hapakuwa na mtu mkali. Palikuwa na mama anayemtazama kama mgonjwa anavyotazama mkono wa daktari. Angemwambiaje huyu kwamba alipata mwingine, akanenepa, akacheza harusini viatu mkononi? Alimtafuta mumewe kwa macho. Mumewe alikuwa amesimama kando ya sanamu, mikono ikining'inia.

"Mtoto wa kaka yangu," alisema.

Yalitoka laini kabisa, bila kukwama. Labda kwa sababu miaka mingi nyuma, wageni walipouliza viatu vidogo vya mlangoni ni vya nani, alishawahi kujibu hivyo hivyo, akasahau.

"Nilijua," mwenyekiti alinong'ona. "Nilijua moyoni. Na baba yake?"

"Hayupo."

Hapo ndipo alipovunjika. Alianza kulia kwa sauti, kifua kikimpanda, kamasi na machozi pamoja, mgongo ukitetemeka chini ya shuka lililolowa. Hakulia hivyo hata kwa Kidoti. Kwa Kidoti alikauka. Mwenyekiti alimkumbatia akalowa naye, wakalia wote wawili, na msichana wa taa akaanza kujifuta macho kwa mkono usio na taa.

"Safi sana," mpiga picha alisema polepole, jicho lake likiwa kwenye kamera. "Tumepata."

Wakala alitoa pumzi ya wiki nzima.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Chiriku alitoka na sinia la chai, amevaa sare ya shule, nywele zimebanwa vizuri. Aliwaamkia wageni mmoja mmoja, akapiga goti kidogo kwa mwenyekiti, akaweka sinia juu ya meza ya vyombo vya udongo. Alimimina chai bila kumwaga hata tone. Kisha akamgeukia mama yake kwa adabu, kama binti aliyelelewa vizuri na watu wengine.

"Shangazi, nikuwekee sukari?"

"Mtoto ana heshima huyu," mwenyekiti alisema, akijipangusa. "Mungu amekupa wa kukuliwaza."

*

Wageni walipoondoka Wakala alibaki akimpiga mchongaji mgongoni, akiongea juu ya shaba na tarehe ya uzinduzi, na juu ya hospitali nyingine mbili ambazo zingeulizia tu zikiiona video ya leo. Mama Kidoti hakusubiri. Aliinuka na shuka lake, maji yakimfuata sakafuni, akaingia jikoni.

Chiriku alikuwa ameinamia beseni. Kila siku akiosha vyombo husimulia shule nzima, na mama yake humwambia punguza, masikio yanaosheka nayo. Sasa alikuwa akisugua kikombe kimoja bila kukoma. Maji yalikuwa yamemrukia, blauzi ya sare imemganda kwenye mifupa ya mabega.

"Mwanangu."

Kikombe kikaendelea kusuguliwa.

"Yule mama amefiwa. Umemsikia. Ningemwambiaje? Nilikuwa nataka kusema, nilikuwa nimefungua mdomo kabisa..."

"Nimesikia yote."

Mama Kidoti alihisi mtu nyuma yake. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, na hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama juu ya bega lake, kichwa kimeinama upande kidogo, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada, kama anavyofanya akipima ulaini wa udongo. Mbele yake kulikuwa na msichana mwembamba aliyejikunja, nguo imelowa, halii. Mama Kidoti alilijua jicho lile. Lilimpata yeye uani siku aliyokuwa hafanyi kitu.

"Thubutu!" alisema.

"Sijasema kitu," mume alijibu, na kwa kweli alionekana kama mtu aliyeamshwa. Lakini kidole bado kilikuwa kikisugua.

Mama Kidoti aliusukuma mlango ukamfungia nje, akauegemea kwa unene wake wote. Jiko lile halikuwa na dirisha. Mwanga wake wote uliingia kwa mlango ule, na sasa walibaki gizani, yeye na binti yake, shuka likimchuruzikia miguuni. Alingoja kuitwa mama. Alikuwa tayari kutukanwa, tayari kurushiwa kikombe, tayari kwa lolote ambalo binti humfanyia mama yake akiwa na hasira.

"Shangazi," Chiriku alisema bila kugeuka, "umenizibia mwanga."